Sadaka ya wosia: jinsi kanisa la Methodisti la mahali linavyoweza kuianzisha bila kumtia mtu hofu

Bahasha ilikuwa ndani ya Biblia yake, katikati ya Zaburi. Watoto waliiona siku chache baada ya mazishi. Kwa mwandiko uleule aliouzoea kuandikia orodha za kwaya, mama yule alikuwa ameeleza kwamba kiwanja chake kidogo kiwe cha kanisa, kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili. Hakukuwa na sahihi, tarehe wala shahidi. Watoto wote watatu waliutambua mwandiko wa mama yao. Wawili walitaka neno lake lifuatwe, wa tatu akakataa, na mbele ya sheria karatasi ile haikuwa na nguvu ya kumlazimisha. Nilikuwa mweka hazina wa kanisa wakati huo. Njiani nikirudi nyumbani nilijiuliza swali moja tu: miaka yote aliyokaa kwenye benchi lile la mbele, mbona hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia kwamba wosia hutiwa sahihi mbele ya mashahidi?

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya bahasha ile. Ninaposema sadaka ya kupangwa nina maana ya sadaka ambayo mtu anaiamua leo kwa utulivu, na kanisa linaipokea baadaye: fungu katika wosia, bima ya maisha, hisa, shamba, nyumba. Watu wengi hawaitoi kwa sababu hakuna aliyewaeleza inavyotolewa, na wachache wanaoijua hawana uhakika kanisa litaitumiaje. Kwa hiyo kazi inaanzia ndani, kwenye baraza lenu. Mimbari inasubiri.

Hatua ya 1: Amueni mtafanya nini siku sadaka itakapofika

Waulize wenzako kwenye baraza la kanisa: kesho tukipigiwa simu kwamba marehemu fulani ametuachia fungu kubwa, fedha zinaingia akaunti ipi, na nani anaamua zitumikeje? Mahali pengi patakuwa kimya. Halafu mtu mmoja atasema paa linavuja. Basi hapo ndipo sadaka ya maisha mazima ya mtu inapokwenda kuziba tundu la paa, kulipa bili ya umeme iliyochelewa na kumalizia deni la vipaza sauti, na baada ya mwaka mmoja hakuna anayeweza kuonyesha ilipokwenda. Mali bila daftari huisha bila habari, wahenga walisema, na washirika wanaliona hilo hata wasipolisema.

Andikeni sera. Kurasa mbili zinatosha, mradi baraza lizipitishe na ziingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Haya ndiyo ningependa kuyaona ndani yake.

Kwanza, sadaka isiyo na maelekezo inatumikaje. Ushauri wangu, na hapa nina msimamo, ni kwamba isiguse matumizi ya kila siku kamwe. Kanisa linaloishi kwa fedha za waliokufa linawafundisha walio hai kwamba zaka zao hazihitajiki. Ielekezeni kwenye mambo matatu au manne yanayobaki: jengo, elimu ya vijana, huduma kwa wahitaji walio nje ya ushirika wenu, na mfuko wa kudumu.

Mfuko wa kudumu una kanuni yake. Mtaji hauguswi, mnatumia sehemu ya faida tu. Taasisi nyingi hutoa asilimia 4 au 5 kwa mwaka, na huihesabu juu ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka 3 iliyopita, ili mwaka mmoja mbaya wa uwekezaji usiyumbishe huduma yote. Msipoandika kiwango hicho tangu mwanzo, kila kamati mpya itakuja na sababu yake nzuri ya kuchota zaidi kidogo.

Pili, mnaweza kukataa nini. Hili huwashangaza watu, lakini kanisa lisilo na haki ya kukataa sadaka litaletewa mzigo. Shamba lenye kesi ya mpaka, nyumba yenye mkopo wa benki mkubwa kuliko thamani yake, sadaka yenye sharti kwamba benchi fulani lisihamishwe milele. Nimewahi kuona fungu lililotolewa kwa ajili ya mafuta ya taa za ibada ya jioni, na kanisa lilikuwa limeshaingiza umeme zamani. Fedha zilikaa tu. Kwa hiyo semeni kwenye sera kwamba sadaka yenye sharti itapokelewa kama sharti linatekelezeka, na mwombeni kila mtoaji aongeze maneno yanayoruhusu matumizi ya karibu na hayo iwapo hali itabadilika.

Tatu, nani anatia sahihi, nani anakagua, na taarifa inasomwa lini mbele ya washirika.

Hatua ya 2: Lijueni jina lenu halisi

Hatua hii ni fupi lakini ndiyo inayopoteza sadaka nyingi. Kanisa la Methodisti kwa kawaida halimiliki mali kwa jina la ushirika mmoja. Mali hushikwa na wadhamini kwa ajili ya kanisa zima. Utaratibu huo ni wa zamani. Mwaka 1763 John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alitoa hati ya mfano ya kumiliki majengo ya ibada, na mwaka 1784 akasajili hati nyingine iliyotaja wahubiri 100 kuwa ndio Mkutano Mkuu kisheria, ili majengo yasije yakagombaniwa baada ya kifo chake. Alikuwa na umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 1791, na kazi ikaendelea mikononi mwa hao wahubiri.

Sasa mshirika wenu akiandika tu kwamba anatoa kwa kanisa letu, msimamizi wa mirathi atabaki na kitendawili. Pateni kutoka makao makuu jina kamili la wadhamini kama lilivyosajiliwa, na maneno yanayopendekezwa ya kutaja ushirika wa mahali. Yachapeni kwenye kadi ndogo, yabandikeni ubaoni, yawekeni nyuma ya karatasi ya ibada. Herufi moja isibadilike.

Hatua ya 3: Tafuteni mawakili, wa aina zote mbili

Kiswahili kimetupa zawadi hapa. Neno wakili kanisani ni mtu aliyekabidhiwa mali ya Mungu aitunze, na mtaani ni mwanasheria. Mnawahitaji wote wawili, na wasiwe mtu mmoja.

Kamati ndogo ya watu watatu hadi watano inatosha. Mtafute mtu anayeweza kutunza siri kuliko mtu anayejua kuongea. Kiongozi wa darasa, yaani anayelea kikundi kidogo cha washirika, anafaa sana, kwa sababu anawajua watu wake kwa majina na kwa matatizo yao. Madarasa yetu yenyewe yalizaliwa na suala la fedha: mwaka 1742 huko Bristol, Wamethodisti walikuwa wanadaiwa kwa jengo lao, wakakubaliana kila mtu atoe peni moja kwa wiki, na kiongozi mmoja akusanye kwa watu kumi na moja, na kwa asiyeweza kutoa, kiongozi ajaze mwenyewe. Viongozi walipozunguka nyumba hadi nyumba wakagundua watu wanavyoishi, na mkusanyo wa peni ukageuka kuwa malezi ya roho. Mtu akikwambia sadaka ya wosia ni ya matajiri, mkumbushe peni ile.

Kabla kamati haijamwendea mtu yeyote, kila mjumbe aandike wosia wake mwenyewe. Sisemi lazima alikumbuke kanisa, ingawa itakuwa ajabu asipofanya. Nasema awe ameketi mbele ya mwanasheria, ameorodhesha mali yake, amebishana na mwenzake wa ndoa kuhusu nani awe msimamizi. Asiyepitia hayo atazungumza kama mtu anayeuza dawa asiyoimeza.

Hatua ya 4: Fundisheni wosia kwanza, kanisa baadaye

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba kuandika wosia ni uchuro, ni kukiita kifo. Hofu hiyo haiondolewi na hotuba. Inaondolewa na mtu akiona jirani yake ameandika na bado yuko kwenye kwaya mwaka wa sita. Isaya alipotumwa kwa Hezekia alimwambia atengeneze mambo ya nyumba yake, na tunajua mfalme yule aliongezewa miaka 15.

Fanyeni semina ya Jumamosi asubuhi, iwe ya wosia kwa faida ya familia. Mwanasheria aje, aeleze sheria ya nchi yenu, kwa sababu sheria za mirathi hutofautiana sana: ziko nchi ambazo mke, mume au watoto wana fungu lisiloweza kuondolewa kwa wosia. Mambo haya hata hivyo hujirudia katika nchi nyingi, na mwelezeni kila mshirika. Mtoa wosia awe mtu mzima mwenye akili timamu. Wosia uwe wa maandishi, uwe na tarehe na sahihi, na mashahidi wasiopungua wawili waliokuwepo wakati mmoja. Shahidi asiwe mtu anayerithi chochote ndani yake, la sivyo anaweza kulipoteza fungu lake. Nchi nyingine ndoa mpya hufuta wosia wa zamani. Bima ya maisha na mafao ya uzeeni kwa kawaida hayafuati wosia, yanafuata jina lililoandikwa kwenye fomu ya mnufaika. Waombeni watu warudi nyumbani wakaangalie fomu hizo. Mtashangaa ni wangapi wameandika jina la mtu aliyekwisha kufa.

Mwanzoni mwa semina semeni wazi kwamba familia ndiyo ya kwanza. Hili si la kuwapendeza watu tu. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Kanisa linalopokea sadaka inayomwacha mjane bila pa kulala limepokea korbani. Wosia wa Wesley mwenyewe, wa mwaka 1789, ni mfano mzuri wa mpangilio: vitabu vyake vilivyokuwa vikiuzwa aliviacha kwa mfuko wa Mkutano Mkuu, lakini kwanza vilipe pauni 85 kila mwaka kwa mjane na watoto wa ndugu yake Charles, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Fedha zitakazokutwa mifukoni na kwenye meza yake wagawane wahubiri wanne. Watu sita maskini walibebe jeneza lake na kila mmoja apate shilingi 20. Hakutaka gari la maiti.

Someni habari hiyo kwenye semina, mtaona nyuso zinavyolegea. Kanisa litajwe dakika kumi za mwisho, na kadi yenye jina la wadhamini iwe kwenye kila kiti. Basi. Msichangishe siku hiyo.

Hatua ya 5: Elezeni njia kwa lugha ya nyumbani

Mshirika anahitaji kujua tofauti ya kiasi na sehemu. Mtu akiandika kiasi cha fedha akiwa na miaka 45, akafariki na miaka 80, kile kilichotosha kuezeka ukumbi kitakuwa kimebaki cha kununua misumari. Akiandika sehemu, kwa mfano moja ya kumi, thamani inapanda na kushuka pamoja na mali yake, na watoto hawaumii hata kama mali imepungua. Bora zaidi ni sehemu ya mabaki, yaani kinachosalia baada ya madeni, mazishi, gharama za mirathi na mafungu ya watu aliowataja. Kwa mshirika wa kawaida mwenye watoto, mimi hupendekeza hiyo.

Mfano wa maneno ya kupeleka kwa mwanasheria ni huu: Natoa sehemu moja ya kumi ya mabaki ya mali yangu kwa Wadhamini Waliosajiliwa wa (jina kamili la kanisa), kwa kazi ya ushirika wa (jina la mahali). Iwapo wakati wa kufa kwangu ushirika huo utakuwa umefungwa au umeunganishwa na mwingine, wadhamini waitumie kwa kazi inayokaribiana na hiyo. Stakabadhi yenye sahihi ya mweka hazina itatosha kwa msimamizi wa wosia wangu.

Mwenye wosia tayari hana haja ya kuuandika upya. Mwanasheria anaweza kuandaa nyongeza ya wosia, inayotiwa sahihi na kushuhudiwa vilevile. Asichomeke maneno kwa kalamu pembeni ya ukurasa.

Bima ni rahisi: kanisa linatajwa kuwa mnufaika wa asilimia fulani kwenye fomu, kama kampuni inaruhusu. Kuhusu mtu kulikabidhi kanisa nyumba yake sasa huku akiendelea kuishi humo, naomba mwende polepole. Wosia unaweza kubadilishwa asubuhi yoyote, hati iliyohamishwa hairudi kirahisi. Mzee akiugua na kuhitaji kuiuza nyumba yake, mtajikuta mmesimama kati yake na matibabu.

Hatua ya 6: Mazungumzo yenyewe

Msimwendee mtu hospitalini. Msimwendee aliyefiwa juzi. Mwendeeni mtu akiwa mzima, kwake, kwa miadi, na awaambie watoto wake kama anapenda wawepo. Mazungumzo mazuri huwa hivi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja na michango tena?"

"Hapana, mama. Ulikuwepo kwenye semina ya wosia, tukasema tupite tujue kama kuna swali lilibaki."

"Swali ninalo. Nina watoto wanne na nyumba hii. Nikitoa kwa kanisa, si nitakuwa nimewanyima?"

"Ungependa wao wapate nini?"

"Nyumba ibaki yao, wote wanne."

"Basi iandike hivyo kwanza. Kikibaki kitu baada ya hapo, hisa zako za chama au akiba, ndipo unaweza kufikiria kanisa. Na ukiona hakibaki, mama, zaka zako za miaka yote tunazo kwenye daftari."

Hapo nyamaza. Kunyamaza huku ni kugumu kuliko semina nzima. Ukiona mtu anajibu ili akuridhishe, badilisha habari, uliza wajukuu. Kuna waliorudi kwangu baada ya miaka miwili na kusema, lile jambo nimelifanya.

Hatua ya 7: Msishike kalamu

Mchungaji asiandike wosia wa mshirika, asiwe shahidi, asiwe msimamizi wa mirathi ambayo kanisa lina fungu ndani yake, na asikae chumbani wakati unatiwa sahihi. Mwanasheria anayemwandikia mshirika alipwe na mshirika mwenyewe, na kama kanisa linafidia gharama kwa wasio na uwezo, lilipe bila kujali aliyeandikwa humo ni nani.

Sheria ina sababu ya kuwa na shaka na sisi. Mwaka 1887 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya mwanamke aliyetoa mali yake kwa jumuiya ya kidini aliyokuwa chini ya viapo vyake. Alishindwa kwa kuwa alichelewa mno kudai, lakini mahakama iliweka wazi kwamba pale kiongozi wa dini anapokuwa na mamlaka juu ya mtoaji, sadaka kubwa hudhaniwa imetokana na shinikizo hadi ithibitishwe vingine. Kesi ile ilihusu sadaka ya mtu aliye hai, ila onyo lake linafika hadi kwetu. Ndugu waliopatana kanisani kwa miaka ishirini wanaweza kugombana kwa wiki moja ya mirathi, na kitu cha kwanza watakachouliza ni mchungaji alikuwa wapi siku ile.

Nakala ya wosia isikae ofisini kwa mchungaji pia. Ikae kwa mwanasheria, benki au sehemu inayotambuliwa na sheria, na msimamizi ajue ilipo. Kamati itunze daftari moja tu la walioeleza nia yao, lenye jina na tarehe, linaloonwa na watu wawili. Nia hiyo si ahadi. Mtu ana haki ya kubadilisha mawazo bila kumweleza mtu, na msiiingize kwenye bajeti hata kwa penseli.

Hatua ya 8: Wakati wa kulitaja

Mara mbili kwa mwaka zinatosha. Ibada ya Agano, ambamo Wamethodisti hufanya upya agano lao na Mungu, ni mahali pake pa asili: Wesley aliiongoza kwa mara ya kwanza London mwezi Agosti 1755, na maneno ya ibada hiyo ya kujiweka mikononi mwa Mungu, kujaa au kuwa mtupu, hayawezi kusemwa na mtu anayefikiria mali yake kama ya milele. Mara ya pili ni ibada ya kuwakumbuka waliotutangulia. Someni majina ya walioacha sadaka, bila kutaja kiasi. Aliyeacha kidogo na aliyeacha shamba wasomwe kwa sauti ileile.

Hatua ya 9: Mtoaji akifariki

Kwanza mkamzike. Kamati isiguse suala la wosia hadi msimamizi wa mirathi mwenyewe awasiliane nanyi, na kama miezi imepita kimya kimya, mwanasheria wa kanisa aandike barua moja yenye heshima. Wosia ukipingwa, fuateni ushauri wa makao makuu, lakini msifike mahakamani dhidi ya yatima bila baraza zima kupiga kura.

Sadaka ikifika, stakabadhi itoke siku ileile, fedha ziingie akaunti iliyotajwa kwenye sera, na jina liandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu. Baada ya mwaka, mweka hazina awaandikie watoto wa marehemu barua ya ukurasa mmoja: mama yenu alituachia hiki, tumekitumia hivi, hii hapa picha ya darasa la watoto likiwa limeezekwa. Wapelekee kwa mkono kama wanaishi karibu. Kwenye bahasha niliyopeleka mara ya mwisho, mtoto mkubwa aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani, akarudi na kalamu kuuliza jina la wadhamini linaandikwaje.